Naomba ushauri: GATS inazigusa vipi huduma za umma?

Wakuu, naombeni mnieleweshe. GATS, mkataba wa biashara ya huduma wa Shirika la Biashara Duniani ulioanza kutumika 1995, unaziacha nje huduma za mamlaka ya serikali, kwa sharti zisitolewe kibiashara wala kwa kushindana na mtoa huduma mwingine. Hapo ndipo ninapokwama. Hospitali ya umma inayotoza ada, huku za binafsi zipo jirani, bado inalindwa? Halafu nchi iliyokwisha kuahidi kufungua elimu kwa watoa huduma wa kigeni, ikitaka kuiondoa ahadi hiyo, husubiri hadi ipite miaka 3 tangu ahadi ianze kutumika, na kujadili fidia na wanachama walioathirika. Hilo linanitisha kweli, maana serikali hubadilika. Wenye kuzijua sheria hizi, majedwali ya ahadi, yaani orodha za huduma ambazo kila nchi imeahidi kuzifungua, husomwaje? Na wananchi tudai ufafanuzi gani kabla serikali haijatia saini ahadi mpya?