Mjadala: Rimu za inchi 18 ni za mbio, au ni za kupigwa picha?

Impreza ya Buruburu (anafungua)

Swali hili naulizwa kila nikifungua boneti, kwa hivyo nalileta hapa tulichambue mchana kweupe. Gari langu ni Subaru Impreza STI ya 2006. Lilitoka kiwandani na rimu za inchi 17, upana 8, ofuseti 53 (milimita kutoka katikati ya rimu hadi pale inapofungwa), tairi 235/45, yaani upana milimita 235 na ukuta asilimia 45 ya upana huo. Mwaka jana nikavunja kibubu, nikanunua 18, upana 9.5, ofuseti 38, nikavisha 265/35. Kimo cha tairi hakikubadilika. Lile la zamani lina milimita 643, hili halipungui hata milimita nzima. Spidomita haidanganyi, gia zinavuta vilevile.

Lakini hebu pigeni hesabu ya upana na ofuseti pamoja. Ukingo wa nje wa rimu umetoka milimita 34, wa ndani umeingia 4. Ikabidi madigadi yakunjwe, na hata hivyo nikibeba abiria wawili nyuma, kila tuta nasikia tairi likilamba bati. Kisha uzito: nilipeleka gurudumu la zamani na jipya kwa jirani muuza viazi, tukayapima kwa mizani yake. Jipya limezidi kwa karibu kilo tatu. Mara nne, na zote ziko chini ya springi, mahali ambapo gari huubeba uzito kwa taabu zaidi.

Kule Whistling Morans, uwanja wetu wa mbio, gari halishiki nilivyotarajia. Kona ndefu linateleza mbele, linasukuma nje kama mkokoteni. Msimamo wangu basi: kwa mtu wa Nairobi anayeendesha gari hadi trakini, kukimbia nalo, na kurudi nalo nyumbani, 18 ni pambo. Nataka kurudi 17, upana 9, tairi 255/40. Nipingeni.

Evo ya Lang'ata

Nakupinga, mkubwa. Mitsubishi Evo X ilitoka kiwandani na 245/40 za inchi 18, na waliolitengeneza gari lile hawakuwa na harusi ya kwenda.

Ukuta wa tairi lako la sasa una milimita 93. Wa hilo unalolitaka una 102. Hizo tisa ni kidogo kwenye rula, ila ukikata usukani ghafla utazihisi: gari linajifikiria kwanza, ndipo linageuka. Halafu kuna joto. Gari lenye tabo (feni ya kuisukumia injini hewa), linalovuta magurudumu yote manne, na wewe ukiwa ndani, ni kama tani moja na nusu. Tairi jembamba litakupa mizunguko miwili mitamu, wa tatu limeshaanza kuwa sabuni. 265 lina raba nyingi ya kulimeza joto hilo.

Na breki je? Siku utakapotaka diski za milimita 355 utazitafuta hizo 18 kwa tochi. Kilo tatu zako ni lawama ya rimu nzito uliyonunua. Usiitwishe inchi mzigo wa rimu.

Themanini na Sita

Nyote wawili mna tabo, ndiyo maana mnaongea hivyo. Mimi naendesha Toyota 86 isiyo na tabo. Nairobi tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini inayovuta pumzi yenyewe hupoteza hapa kama asilimia 15 au zaidi kidogo ya nguvu zake. Zile farasi 200 za kwenye karatasi mimi nabaki na kama 170.

Gari lilikuja na 215/45 za inchi 17. Kwa sifa nikavaa 245/40. Kona zikawa tamu, sikatai. Lakini nikitoka konani nakanyaga mafuta na gari linaniangalia tu. Kuna tairi pana kuliko nguvu ya kulizungusha. Nimerudi 225, rimu nyepesi, na siku hizi naondoka konani nikiwa bado na gari. Kabla ya kumuuliza mtu ni inchi ngapi, muulize injini yake ina nini na gari lina kilo ngapi.

Mgeni wa Thika Road

Samahani wakubwa, niweke pana nyuma tu, mbele niache za kawaida? Nina Forester ya tabo.

Evo ya Lang'ata

La, ndugu yangu. Gari linalovuta kote likivaa vimo tofauti mbele na nyuma, difu ya katikati, ile gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, haipumziki hata kwenye barabara iliyonyooka. Utainunua upya. Manne yafanane, hata kuisha yaishe pamoja.

Fundi wa Kirinyaga Road

Vijana wangu, nawasoma hapa nikinywa chai. Niseme ninachokiona.

Rimu nyingi zinazoletwa kwangu hazikuumia trakini. Zimeumia njiani, shimoni. Ukuta ukiwa mfupi, shimo halikutani na raba, linakutana na chuma. Naifunga rimu kwenye mashine, naizungusha, natazama mdomo wa ndani: unapanda na kushuka kama sufuria iliyoanguka kutoka juu ya kabati. Mwenyewe hajui, kwa sababu kwa nje inang'aa. Anachojua ni kwamba kila Jumatatu anaongeza upepo. Naipakia povu la sabuni kwa ndani, na hapo tunauona, ufa mwembamba kama unywele, unatoa viputo. Ya kwenda sokoni na kurudi nitaichomelea. Ya trakini usiniletee nichomelee, sitaki dhambi.

Wewe wa Buruburu, ukitafuta 17 angalia mambo matatu. Geuza rimu, tafuta muhuri wa JWL, ule wa viwango vya rimu vya Japani. Ikikosa, uliza maswali mengi. Pili, si kila 17 inapita juu ya kalipa za Brembo, yale makucha yanayobana diski ya breki. Spoku zikilala ndani zinasugua. Kata katoni kwa umbo la kalipa yako, tembea nayo dukani. Tatu, mtu atakuuzia rimu za Evo, maana nati ni tano na duara la nati ni lilelile la milimita 114.3. Ila tundu la katikati la Mitsubishi ni milimita 67.1, kitovu cha Subaru ni 56.1. Usipoweka pete ya kujaza pengo hilo, ukifika kilomita 100 kwa saa usukani utakutetemekea mkononi.

Na tairi la mtumba, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyochapwa ubavuni. 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Raba ya mbio ikifika umri huo inakuwa ya kuchezea watoto bembea, hata kama kashata zake, yale mabonge ya raba yanayokanyaga lami, bado nzima.

Swali moja: umeshapiga chaki?

Dada wa Ruaka

Mmeandika yote haya na hakuna aliyetaja mvua. Aprili, Mombasa Road, maji yamesimama, una 265 lililobakiza kashata kidogo. Tairi pana linapanda juu ya maji mapema kuliko jembamba. Mimi nina seti mbili: 17 za raba ya kawaida za kila siku, na 17 za mbio zinazosafiri ndani ya gari viti vikiwa vimelazwa. Kubadilisha ni nusu saa na jeki nzuri. Magurudumu manne ya 18 hayaingii kwangu, nimejaribu.

Impreza ya Buruburu

Fundi, chaki sikuwa nimepiga. Nimepiga Jumapili.

Kwa wasiojua: unachora chaki kutoka kwenye kashata ukishuka hadi begani mwa tairi, kwenye kile kipembetatu kidogo cha ubavuni. Unazunguka mizunguko mitatu, unarudi, unatazama chaki imefutika hadi wapi. Yangu haikuguswa begani kabisa. Ilifutika katikati tu. Nilikuwa nimetoka nyumbani na upepo wa psi 34, ule wa barabarani, na baada ya mizunguko geji ikasoma 42. Nilikuwa naendesha juu ya kitumbua! Hizo 265 nilizozilipia, nilikuwa natumia kipande cha katikati.

Nikatoa upepo tairi likiwa bado la moto hadi 34, nikachora upya. Safari hii chaki ikafutika hadi kwenye kipembetatu, na gari likaacha kusukuma nje. Kwa hilo, Evo, nakuomba radhi; inchi nilizisingizia.

Ila sijamaliza. Nilisahau kurudisha upepo. Nimefika karibu na Mlolongo, jua limezama, lori mbele yangu linakwepa kitu na mimi sikukwepa. Mlio ule ninyi mnaujua. Leo asubuhi gurudumu la kushoto mbele lina 19, na mdomo wa ndani nimeupapasa kwa kidole: kuna bonde.

Fundi, nakuja kesho saa nne. Na mwenye 17 upana 9, ofuseti kati ya 40 na 48, nati tano za 114.3, muhuri upo, anitafute. Katoni ya kalipa nimeshakata.