Cubs na White Sox: tulioangukia Chicago tupeane uzoefu

Mwananchi_wa_35th
Wakuu, mimi ni Yanga wa kuzaliwa. Nilipofika Chicago nikapanga kusini, nikaambiwa jiji lina timu mbili za besiboli (mpira wa gongo): huku watu ni White Sox, Cubs ni wa kaskazini. Basi, utani wa jadi umenifuata ugenini. Ila hakuna aliyeninong'oneza ninachoingia.

Msimu wa 2024 tulifungwa mechi 121 kati ya 162, ndani yake 21 mfululizo. Timu ya Mets ya 1962 walishika rekodi ya zama hizi kwa 120, tukawapokonya. Tarehe 24 Septemba tumeshafika 120 hizo, nikavaa kofia nikaenda uwanjani. Kumbe nusu ya jukwaa langu walikuja kushuhudia ya 121, kama watu wanaokimbilia ajali. Tuko nyuma mpaka raundi ya nane kati ya tisa, ghafla tukaokota pointi tatu, 3–2. Wapo waliozomea! Timu yao inashinda, wao wanazomea. Halafu wimbo ni mmoja: mwenye timu aiuze.

Wapinzani hao, Angels, tukawafunga mechi zote tatu. Ijumaa tukaenda Detroit: wenyeji wakafuzu hatua ya mtoano kwa kutupiga 4–1, sisi tukaingia kwenye historia. Mimi nilikuwa nasonga ugali huku redio inatangaza. Nilisonga mpaka ukawa jiwe.

Leteni yenu.

BiMkubwa_Uptown
Pole mwanangu. Sisi Cubs tulisubiri ubingwa tangu 1908, kwa hiyo usitulilie sana.

Novemba 2016 nilikuwa zamu ya usiku, namhudumia mzee aliyeanza kuishabikia Cubs utotoni. Mechi ya saba ya fainali, ya kuamua bingwa, kule Cleveland. Tunaongoza 6–3, imebaki kuwatoa wapigaji wanne tu tuwe mabingwa, wakasawazisha 6–6. Mzee akageukia ukutani: "Tukifungwa, usiniamshe." Raundi tisa zikaisha sare, ikanyesha mvua, mchezo ukasimama dakika 17. Mpira wa gongo mimi hata siujui vizuri, lakini dakika zile nilizunguka na tasbihi yangu mkononi. Raundi ya kumi tukashinda 8–7, karibu saa sita usiku kwa saa za huku. Nikamwamsha. Hakuniamini, alidhani namfariji. Ilibidi nimsogezee televisheni mpaka kitandani.

Raunda_Eldy
Mimi wa Eldoret. Siku ya kwanza niliona ni raunda tu tuliyocheza shule ya msingi, tofauti wanalipwa mamilioni. Nikawa Cubs kwa sababu ya shemeji.

Oktoba 2025, hatua ya mtoano, anayetangulia kushinda mechi tatu anapita; Milwaukee wanatuongoza mbili bila. Tukarudi nyumbani Wrigley tukawapiga 4–3, halafu 6–0. Nyumba nzima imejaa, chai haiishi jikoni, shemeji ameshaanza kupiga hesabu ya hatua inayofuata. Mechi ya tano kwao tukafungwa 3–1. Kilichoniuma ni hiki: bao la pili, lililowapa uongozi, alilipiga Andrew Vaughn. Huyo White Sox walimwachia Milwaukee Juni ile ile! Hata mkiwa hamchezi mnatufunga.

Kibonge_wa_Bukavu
Mie niko Rogers Park, mpira wangu ni wa miguu. Lakini Mei 2025, siku ile Papa Leo XIV, mzaliwa wa Chicago, alipotangazwa, mazoezi ya kwaya yalivunjika. Kwanza ikasemwa ni shabiki wa Cubs, wazee wa kaskazini wakapiga vigelegele. Baadaye ndugu yake akakanusha: ni White Sox. Kisha ikaonekana picha ya 2005, yuko jukwaani kwenye mechi ya kwanza ya fainali, mwaka Sox waliochukua ubingwa. Mpiga kinanda wetu ni Cubs, jioni ile alipiga Aleluya taratibu kama ya mazishi.

Mwananchi_wa_35th
Eldy, Vaughn tulimtuma, sema asante. Na 2025 tulifungwa 102 tu, tumepanda cheo.

BiMkubwa, shikamoo. Stori ya mzee nimemsomea mke wangu. Yeye ni Simba na ni Cubs, mniombee.

Kibonge, kofia ya Sox ninayo ya ziada. Kichwa chako namba ngapi?

Kibonge_wa_Bukavu
Mpe mpiga kinanda.