Naomba ushauri: klachi ya Land Rover Series III, fundi anataka kutoa gia boksi

Habari zenu wakuu. Nina Land Rover Series III ya 1978, aliniachia marehemu baba, naibebea viazi kutoka Isongole hadi Uyole. Wiki ya pili sasa klachi inanitesa. Asubuhi kukiwa na baridi pedeli inazama hadi chini, gia namba moja inakwaruza, rivasi ndiyo haiingii kabisa. Nikiipampu mara tatu harakaharaka, gia inaingia laini. Mlimani klachi haitelezi hata na mzigo, ndiyo maana siamini kama pleti yake imekwisha.

Jana nimefunua kimpira cha vumbi kwenye silinda ya chini, ile inayosukuma mkono wa klachi. Kidole kilitoka kimelowa mafuta ya breki, na kikopo cha mafuta hayo kule juu kimepungua.

Fundi anang'ang'ania tutoe gia boksi. Kwenye gari hii inatokea ndani ya kebini, mpaka ung'oe viti na sakafu! Mimi naona tuanze na raba za silinda zote mbili, ya juu kwenye pedeli na hiyo ya chini, kisha tutoe hewa kwenye mafuta ya klachi.

Waliowahi kukutana na hili, niko sahihi? Na silinda ikiwa na mikwaruzo ndani, raba mpya zitazuia kweli au ninunue nzima?