Naomba mwongozo: riwaya ya mapenzi ya kunishughulisha ninapouguza usiku

Mkesha ameuliza:

Ndugu wasomaji, salaam. Kwa muda wa wiki tatu sasa nimekuwa nikikesha kando ya kitanda cha baba yangu, ambaye anapata nafuu polepole baada ya kupasuliwa, na kazi yangu kubwa kati ya saa tano usiku na alfajiri ni kusubiri: kumgeuza, kumpa dawa kwa saa zake, kumnywesha maji, kisha kurudi kitini na kuanza tena kuhesabu pumzi zake. Simu nimeichoka, kwani kila ninapoishika najikuta natafuta habari za ugonjwa wake na kuzidi kujitia hofu. Nimeamua kurudi kwenye vitabu, hasa hadithi za mapenzi, ambazo nilizisoma sana nilipokuwa msichana kisha nikaziacha kwa kudhani kwamba nimekuwa mtu mzima.

Jaribio la kwanza halikufaulu. Nilichukua riwaya iliyosifiwa na wengi, yenye maua kwenye jalada na maneno matamu mgongoni, nami nikaisoma kwa raha hadi karibu na katikati, mahali ambapo bibi harusi alianza kukohoa. Mtu anayeuguza hahitaji kuelezwa kikohozi cha namna hiyo katika riwaya kinaelekea wapi. Nilikifunga kitabu na sijakigusa tena.

Swali langu, basi, ni hili: mtu anayetaka hadithi nzuri ya mapenzi kwa ajili ya kujisahaulisha kwa saa moja au mbili ataitambuaje kabla hajaianza? Sitaki kitabu kilichoandikwa ovyo, kwa sababu hakinishiki, na mawazo hunirudia kabla sijamaliza aya ya tatu. Wala sitaki kile kinachodai nikumbuke majina ya watu ishirini na nasaba zao, maana nasoma kwa vipande vya robo saa. Kiswahili na Kiingereza vyote nasoma bila taabu.

Karani wa Maktaba amejibu:

Pole sana kwa kuuguza, dada, na Mungu amjalie mzee nafuu ya haraka.

Nimekaa nyuma ya meza ya maktaba kwa miaka mingi, na watu wenye haja kama yako huja wakiomba kitabu "kizuri", neno ambalo halinisaidii hata kidogo. Siku hizi nawauliza kwanza wanahofia nini. Kila hadithi inayosomeka ina hofu ndani yake, la sivyo hakuna ambaye angefungua ukurasa wa pili. Zinapotofautiana ni katika kile ambacho kila moja inakutaka ukihofie. Zipo hadithi za mapenzi zinazokutaka uhofie uhai wa mtu. Zipo zinazokutaka uhofie vita, umaskini au hasira za wazazi. Halafu zipo zile ambazo hofu yake yote ni ndogo kama punje: je, atasema au atanyamaza tena? Kwa mtu aliyekaa mahali ulipokaa wewe, hizi za mwisho ndizo zinazofaa, kwa kuwa hofu yake haina udugu wowote na ile uliyo nayo kitini, na bado ina ukali wa kutosha kukuzuia usiinue macho.

Ipo pia tofauti ambayo majalada huificha, kati ya riwaya yenye mapenzi ndani yake na riwaya ya mapenzi kama wanavyoielewa watu wa biashara ya vitabu. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani kimeieleza hii ya pili kwa masharti mawili: kisa cha mapenzi kiwe ndicho kiini cha kitabu, na mwisho uwe wa kuuridhisha moyo na wenye matumaini. Wapo wasomaji wanaolicheka sharti hilo la pili wakidai kwamba linaua taharuki, nami siafikiani nao. Shakespeare aliifungua Romeo and Juliet kwa utangulizi wa mistari 14 unaowatangazia watazamaji, kabla wapenzi hao hawajatia mguu jukwaani, kwamba watakufa; na bado watu wamejaza viti kwa zaidi ya miaka 400 wakitaka kuona itakuwaje. Anayejua mwisho hapotezi utamu wa safari. Anachoepuka ni kuviziwa, na wewe ulichofanyiwa na yule bibi harusi ni kuviziwa hasa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mwepesi, ijapokuwa najua utawaudhi baadhi ya wenzetu hapa: soma sura ya mwisho kwanza. Ukiwakuta wale wawili wako hai na wanasemezana, rudi mwanzo uendelee kwa amani.

Mwalimu wa Fasihi amejibu:

Hayo ya hofu nayakubali yote, ndugu Karani, lakini kuanzia sura ya mwisho ni jambo ambalo sitalifanya hata kwa kulipwa. Kurasa kumi za mwanzo zinatosha kukupa dalili, ukijua pa kutazama.

Mimi hutazama mazungumzo. Mwandishi dhaifu huwafanya wapenzi waelezane kila kitu: huyu anatamka kwamba anampenda yule kuliko nyota zote, yule naye anatamka vivyo hivyo, na msomaji hana kazi tena. Mwandishi anayejua kazi yake humwacha mwanamume aseme, "Naona mvua inakuja," naye mwanamke, ambaye ameshasimama mlangoni na ufunguo mkononi, ajibu, "Basi ngoja ipite," ilhali anga ni jeupe kabisa na wote wawili wanaliona. Hapo akili ya msomaji lazima ifanye kazi ya kujaza pengo, na akili iliyo kazini haina nafasi ya kuhesabu pumzi za mtu. Ukikuta pengo la namna hiyo ndani ya kurasa kumi, kichukue hicho kitabu. Ukikosa, kirudishe, hata kama kimepewa tuzo.

Tena jihadhari na umaarufu. Wuthering Heights ya Emily Brontë, iliyotoka mwaka 1847, hutajwa kila mahali kuwa ni hadithi kuu ya mapenzi, lakini sehemu kubwa yake ni kisasi, na Catherine mwenyewe anafariki kabla kitabu hakijafika nusu. Love in the Time of Cholera ya Gabriel García Márquez, ya mwaka 1985, ni miongoni mwa vitabu ambavyo ningevinusuru nyumba ikiungua. Florentino Ariza anamngoja Fermina Daza kwa miaka 51, miezi 9 na siku 4, na msomaji hachoki kungoja pamoja naye. Hata hivyo, kitabu hicho kinafunguka mbele ya maiti ya mtu aliyejiua, na daktari anayekwenda kuitazama anakufa yeye mwenyewe kabla sura hiyo ya kwanza haijaisha. Si kitabu cha kufungua saa nane usiku karibu na chupa za dawa.

Kwa Kiswahili, jina linalonijia kwanza ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, ambayo lugha yake peke yake inatosha kumshibisha mtu. Lakini nikiipima kwa mizani ya Karani, naona inakutaka uhofie mengi mno kwa wakati mmoja: Yasmin ameozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, anatoroka, na Denge anayempenda anasakwa na polisi wa kikoloni wa Zanzibar kwa sababu ya siasa zake. Iweke hadi mzee atakapokuwa anatembea mwenyewe.

Kwa sasa ningekupa Persuasion ya Jane Austen, iliyochapishwa mwishoni mwa mwaka 1817, miezi michache baada ya kifo cha mwandishi. Anne Elliot ana umri wa miaka 27. Alipokuwa na miaka 19 alishawishiwa avunje uchumba na baharia kijana asiye na mali. Karibu miaka minane imepita, baharia amerudi akiwa nahodha mwenye fedha zake, na sasa wawili hao wanalazimika kukaa sebule moja na kupokezana maneno ya adabu kana kwamba hawajawahi kujuana. Basi. Hofu nzima ya kitabu ni kama watasemezana. Sura ni 24, nyingi kati yake ni fupi, na nakuonya mapema usije ukaviziwa tena: kuna mtoto anayeanguka na kuumia, kisha kuna msichana anayeanguka vibaya zaidi na kupoteza fahamu, na wote wawili wanapona. Sura ya 23 ina barua, na kuhusu barua hiyo sisemi neno.

Bibi Miwani amejibu:

Mwanangu, nimemuuguza marehemu mume wangu kwa miezi saba, kwa hiyo nazungumza ninayoyajua. Wenzangu hapa wanakulinda na huzuni, na nia yao ni njema, ila kwangu mimi hadithi tamu ziliniudhi. Niliwaonea watu wale wivu hadi nikataka kuwafokea. Zilizonifaa zilikuwa za majonzi, kwa kuwa zilinipa ruhusa ya kulia kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, na mgonjwa wangu akiamka namwambia ni kitabu tu, naye anaamini, au anajifanya kuamini. Sikushauri ufanye hivyo. Nakuambia tu kwamba kama kikohozi cha bibi harusi kitakuita tena usiku mmoja, hujafanya kosa ukikifungua.

Jambo jingine ni kwamba kitabu ulichokisoma ujanani hakina haja ya kuchaguliwa. Unajua nani anamwoa nani, unajua ukurasa gani urukwe, na macho yako yakisinzia hupotezi kitu.

Mpita Njia amejibu:

Naongeza la kiufundi tu, kwa vile suala la kuchagua limeshughulikiwa vizuri. Wengi wetu tuna mazoea ya kuweka alama mwishoni mwa sura, na mwisho wa sura ndipo mwandishi anapomwachilia msomaji. Unayesoma robo saa kwa robo saa ungefaidika zaidi kuacha katikati ya mazungumzo, mtu mmoja akiwa ameuliza na mwingine hajajibu. Ukirudi kutoka kumgeuza mgonjwa huna haja ya kujisukuma, kwa sababu jibu linakungoja.

Mkesha amerudi:

Nawashukuru nyote, na shikamoo Bibi Miwani. Maneno yako nimeyasoma mara tatu.

Leo ni usiku wa tisa na Persuasion. Nikiri kwamba nusura niiache mwanzoni kabisa, maana kitabu kinaanza na baba yake Anne akijisomea kitabu cha koo za waungwana ili aione nasaba yake mwenyewe, nami nilikuwa nimesema waziwazi kwamba nasaba sizitaki. Mwalimu hilo hukunionya. Sentensi nazo ni ndefu, na usiku wa kwanza nilizirudia nyingine mara mbili, ila kufikia usiku wa tatu sikio lilikuwa limeshazoea mwendo wake. Sura ya mwisho sikuisoma kwanza, ingawa mara moja nilikishika kitabu kwa nyuma nikasita.

Kilichonishika hasa ni jambo dogo la sura ya 9. Anne amepiga magoti kando ya kochi akimhudumia yule mtoto aliyeumia, na mdogo wake, mtoto wa miaka miwili, anamparamia mgongoni na kumng'ang'ania shingoni. Anamkemea, hasikii, na mtu mwingine chumbani anamkemea bila kuinuka. Mara anahisi uzito umeondoka. Nahodha amembandua yule mtoto bila kutamka neno, na Anne hata kushukuru anashindwa, anabaki ameinama juu ya mgonjwa. Wiki nzima hii watu wengi wameniuliza kwa simu kama kuna chochote ninachohitaji, nami nimekuwa nikijibu kwamba hakuna. Niliisoma aya ile, nikakiweka kitabu mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitali nilitambua kuwa nusu saa imepita bila mimi kusikiliza pumzi za baba.

Ushauri wa Mpita Njia naufuata kama sheria. Sasa hivi nimemaliza sura ya 22 na kuingia kidogo katika ya 23: nahodha ameketi mezani anaandika, Anne anazungumza na mtu mwingine karibu na dirisha kuhusu nani hupenda kwa muda mrefu zaidi, wanaume au wanawake, na kalamu ya nahodha imeanguka chini. Hapo ndipo nilipoacha, si kwa kupenda, bali kwa sababu baba ameamka na anauliza ninatabasamu nini. Imenibidi nianze kwa kumweleza Anne ni nani.