Rosa Mistika darasani: tusome yote au turuke?

Mleta mada: Riwaya hii ya Kezilahabi ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, baadaye ikaruhusiwa. Ubishi haujaisha: wanafunzi wa sekondari waisome nzima, pamoja na kutoa mimba na kujiua, au mwalimu aruke? Mimi nasema nzima. Rosa, mhusika mkuu, haanzi kuharibikia bwenini. Anaanzia nyumbani, siku baba yake, Zakaria, anapompiga kwa sababu ya barua ya kijana Charles. Ukikata huku na kule, inabaki hadithi ya msichana mhuni tu.

Mzazi: Mkuu, nimekuelewa. Wasiwasi wangu ni yule mtoto mkimya wa dawati la nyuma. Mwenye jambo moyoni akisoma kile kifo peke yake usiku, anaweza kudhani ndiyo njia. Wa miaka 15 si mhakiki.

Mwalimu wa fasihi: Ndiyo maana kuruka ni kubaya zaidi. Ukisema "hapa tupaache", jioni hiyohiyo hapo ndipo patasomwa kwanza, bwenini, kwa tochi. Waambie mapema kitabu kina kipigo, mimba na kujiua. Mwalimu wa unasihi ajue wiki moja kabla. Kifo kisomwe darasani, vipindi viwili mfululizo, dakika 80, Jumatatu au Jumanne. Ijumaa kamwe: watatawanyika na mwenye swali hatakuwa na wa kumwuliza. Halafu usiulize "wewe ungefanyaje?" Hapo unamweka mtoto kizimbani mbele ya wenzake. Uliza nani angeweza kumzuia Rosa, na ukurasa gani. Jibu litafutwe kitabuni.

Mkutubi: Kitabu kipi? Nakala 5 kwa wanafunzi 60, wote wanaishia kwenye mwongozo. Huko Rosa ni mstari mmoja: mwoga, kisha mhuni, hafai kuigwa. Wakati hilo neno "mwoga" peke yake lilistahili kipindi kizima. Binti aliyekatazwa hata kuongea na mvulana, atajifunzia wapi kusema hapana?

Mzazi: La Ijumaa nimelikubali. Ila nasi tuombwe ruhusa.

Mwalimu wa fasihi: Barua mtapata, ukurasa mmoja, yaliyomo yatajwe bila kuzungukazunguka. Ruhusa hapana. Wa kwanza kukataa watakuwa akina Zakaria.

Mzazi: Hapo umenichoma, Mwalimu. Na mtoto mwenyewe asipotaka?

Mwalimu wa fasihi: Apewe riwaya nyingine, swali lilelile, na akae maktaba vile vipindi viwili. Asitakiwe kueleza kwa nini.