Kamioneti ilishikwa kama kielelezo, leo inabeba makala (mkaa) soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi!

Ndugu zangu wa Lubumbashi, leo nimeiona kwa macho yangu. Kamioneti ya mdogo wangu, iliyoshikwa mwaka jana, imepakia magunia ya makala pembeni ya soko la Kenya. Plake ya namba wamebadilisha, lakini ile kona ya nyuma tuliyoibonyeza sisi wenyewe kwenye geti la nyumbani Katuba iko vilevile. Nikamuuliza dereva kaitoa wapi. Akawasha gari, akaondoka.

Mdogo wangu alikodiwa usiku kubeba vyuma chakavu, kumbe ni nyaya za shaba za wizi. Mwenye mzigo akakimbia, yeye akalala ndani wiki tatu, wakamwachilia kwa kukosa kosa lake. Gari likabaki. Kila tukienda ofisi iliyolishika: rudini Jumatatu, magistra amesafiri, leteni dola 50 za ulinzi wa gari. Tulileta, mara mbili! Risiti hakuna.

Kushika mali ni jambo moja, kuitaifisha ni jingine kabisa. Anayeshika huandika prosevebali (hati ya kushika mali), anaeleza kila alichochukua, na aliyekutwa nacho anatia sahihi. Kisha hakimu ndiye anayeamua, na chombo kilichotumika kwenye kosa hutaifishwa kikiwa ni mali ya aliyehukumiwa. Hapa kahukumiwa nani? Kifungu cha 34 cha Katiba ya Kongo kinasema mali ya mtu haikamatwi bila uamuzi wa mamlaka ya kimahakama inayohusika. Avoka (wakili) wetu aliuomba uamuzi huo, hakuonyeshwa hata karatasi.

Wezi wa nyaya siwatetei, wakikata ni mtaa wetu unaolala gizani. Mali ya wizi irudi kwa mwenyewe, na faida yote ya mwizi anyang'anywe. Ila kugawana gari la mtu asiye na hatia nao ni wizi, tena wa mtu mwenye mhuri.

Desemba 2022 kampuni ya madini ya Glencore ilikubali kuilipa nchi yetu dola milioni 180 kumaliza madai ya rushwa ya 2007 hadi 2018. Wao waliketi mezani wakapatana. Sisi tunasimamishwa koridoni tangu asubuhi!

Mdogo wangu sasa anaendesha pikipiki ya watu, na deni la gari bado analipa.

Aliyewahi kurudishiwa gari anieleze alianzia mlango gani: kwa mkubwa wa parke (ofisi ya waendesha mashtaka), au mahakamani moja kwa moja? Karti roze, karatasi ya umiliki wa gari, ninayo, picha za leo ninazo. Kesho asubuhi natoka nazo.