Naomba ushauri: mawe ya makaburi ya ukweni, Virginia

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Marekani, na nimeoa kwa Wamarekani weusi wa kusini mwa Virginia. Wazee wao wamezikwa kwenye kipande cha msitu ndani ya shamba ambalo sasa ni la mtu mwingine. Kuingia si shida: sheria ya Virginia inawapa wazao haki ya kuzuru makaburi yaliyo kwenye ardhi ya mtu binafsi, na mwenye shamba ni muungwana.

Shida ni mawe. Machache ni ya marumaru yenye maandishi, na mawili kati ya hayo yamevunjika. Mengine ni mawe ya kuokota tu, yamesimikwa bila jina. Kuna pia sehemu ardhi imetitia bila jiwe lolote.

Tumefyeka, tumepiga picha, tumesafisha kwa maji na brashi laini. Jiki tumeikataa kwa sababu inaharibu marumaru (shemeji alishakuja na dumu zima!). Majina tunayatafuta kwenye sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika kwa majina wale waliokuwa watumwa, maana orodha za watumwa za 1850 na 1860 kwa kawaida zinataja umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la mmiliki.

Naomba kujua:
Jiwe lililovunjika tuliunganishe wenyewe, au tulihifadhi vipi mpaka tupate fundi? Saruji tumeonywa tusiitumie.

Na kuna aliyewahi kutumia rada ya kupima chini ya ardhi kutafuta makaburi? Udongo wa huku ni mfinyanzi mwekundu, nasikia unaisumbua.